Jina la Bi Tatu na Hati za Zuleikha

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na waliokuwepo nawataja: Bi Mgeni, mama yake mama yangu, Bi Salma, mama yangu, Faki Kombo, jirani yetu wa upande wa kibla, Bi Tatu, mke wake mdogo aliyembebea kikapu, na mimi Asha, msichana wa miaka kumi na miwili. Ni Wete, Pemba. Bibi alikuwa akimpa mama mikarafuu saba. Karatasi hakuna. Alinivuta sikio hadi nikatokwa machozi, akasema, "Shika majina."

Nikayashika. Lakini bibi alipokufa, Faki alidai mikarafuu ni yake. Wazee wa mji wakakaa, wakaniuliza nani mwingine alikuwepo, kwa kuwa neno la mtoto wa mwenye mali pekee halikutosha. Nikasema, "Hakuna mwingine." Bi Tatu nilimruka. Mke mdogo, mbeba kikapu, nani angemuuliza? Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwenyewe akasema kutoka mlangoni, "Na mimi je? Nilikuwa kivuli?" Akatoa ushahidi mbele ya mumewe, na mama akabaki na mikarafuu yake. Kisha akaniita kando. "Umenifuta kama maiti, mwanangu, na bado nala wali."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Leo nipo Handsworth, huku Uingereza, kwa mjukuu wangu Zuleikha, binti wa mwanangu Hamadi. Mimi nilisoma chuoni juzuu chache tu. Yeye anafasiri hati za mashamba za Waingereza wa kale, zilizoandikwa Kilatini. Mashamba yenyewe yalikuwa huko huko zilikojengwa nyumba za mtaa wa Shard End. Mwaka huu aliomba kazi ya kutunza hati, akapewa mbili zisizo na tarehe aseme ipi ilitangulia. Siku tatu alizikodolea macho.

"Nisomee waliokuwepo," nikamwambia.

"Majina tu hayo, Bibi. Boring. Nimeyaruka."

"Nisomee hivyo hivyo."

Akasoma. Hati moja, shahidi wa tatu ni Rikardi wa kinuni, pale wanaposaga ngano. Nyingine, shamba limepakana na la Alisia, aliyekuwa mke wa Rikardi wa kinuni.

"Basi hiyo ya Alisia ndiyo iliyofuata," nikasema. "Maskini, kafiwa."

"Au kaachwa?"

"Si wewe uliyeniambia watu wale hawakuwa wakiachana ovyo?"

Akaitazama hati tena. Kisha akacheka mpaka akaivua miwani.

Kazi kaipata. Na chini ya tafsiri yake kaandika: shahidi, Asha binti Khamis, bibi yangu. Nimemwambia anisomee mstari huo mara nne, na kesho atanisomea tena.

Basi mwanangu, popote ulipo, ukiandika jambo la watu, usimruke mtu kwa udogo wake. Aliyebeba kikapu aliona yote. Muulize jina lake, la babake, na anapakana na nani. Mungu akupe macho ya kuwaona wadogo, na akupe mtu wa kulitaja jina lako utakapokuwa hupo.

Na kama yuko wa Wete anayesoma haya, akajua kwamba siku ile palikuwa na mwingine niliyemsahau, anisahihishe. Nimewahi kumruka mtu mara moja, sitaki mara ya pili.