Bati za Kioo za Kitangari

Wenzangu waliezekewa bati, mimi nikaezekewa kioo. Watu wa umri wangu hapa Kitangari wakitaka kunichokoza huniita Mama Kioo, nami huwajibu: njoo ujitazame basi, uone ulivyozeeka.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Zamani korosho tulipeleka chama cha ushirika, tukakaa kusubiri malipo. Mara tukaona watu wanakuja wenyewe na malori yao, mizani yao, na fedha mfukoni. Nyuma yao wakaja wenye vitu vya kuuza: magodoro, redio, baiskeli, hata saa za ukutani kwa watu tunaoamshwa na jogoo. Kila nyumba ilinunua kitu. Sisi tulitaka bati.

Mtu wa mbali atadhani bati ni la kujikinga na mvua. Huku juu kwetu hakuna mto. Maji yako bondeni, chini kabisa ya mteremko. Unashuka alfajiri na ndoo tupu, unapanda jua likiwa utosini. Mwenye bati hashuki. Mvua inapiga paa lake, inafuata mfereji, inaingia kwenye tangi alilochimba uani na kulisakafia, na kiangazi anachota mlangoni kwake. Ndiyo tunasema, paa la fulani linavuna. Nyasi hazivuni. Nyasi zinakunywa maji, halafu zinakutemea machache yenye rangi ya chai.

Na mwaka ule nilikuwa na mimba. Ile iliyotangulia iliharibikia palepale mteremkoni, ndoo iko kichwani. Sina la kuongeza hapo. Mume wangu alichukua jembe akaanza kuchimba tangi, peke yake, kiangazi kizima, mpaka likawa la mtu kuingia na kusimama. Likabaki paa.

Basi akabeba fedha za korosho, akashuka Masasi kununua bati. Akarudi na lori, ndani vioo vyeusi vyenye fremu.

"Nini hiki?" nikamuuliza.

Mume wangu alikuwa hasemi neno bila kukohoa kwanza, kama mtu anayepiga hodi kwenye koo lake mwenyewe. "Khm. Bati za kisasa, mama watoto."

"Bati ya kujitazamia?"

"Khm. Zinavuna."

Akaniigizia muuzaji wake wa Masasi, kijana wa kutoka bara, maneno yake yanakimbizana kama mbuzi waliofunguliwa zizi: "Mzee-wangu-chukua-hizi, zimetoka kwenye kambi ya watafiti wa madini, imefungwa, nakupa kwa bei ya bati! Zinavuna hizi, mzee! Masika zinavuna, kiangazi ndiyo zinavuna zaidi!"

Kiangazi! Mtu wa Kitangari ukimwambia lipo paa linalovuna kiangazi, atakuuliza nini tena? Hakuuliza. Akalipa.

Nyuma ya kila kioo zilining'inia nyaya mbili. Mume wangu akazikata zote kwa panga, shinani kabisa, hataki uchafu kwenye dari yake.

Tukamwita fundi, Mmakua wa Masasi, mtani wangu. Kwao Wamakua bati ni pati, na dirisha ni tirisha. Alivizunguka vile vioo kama mtu anayechagua ng'ombe. "Mtani," akasema, "pati hupantana. Hiki kina ukinko, hakipantani. Maji yatapita hapa katikati."

"Wewe panga tu," nikamwambia. "Maji ya kwenu hayajui njia, ya kwetu yanajua."

Akapanga, kioo kwa kioo, akapigilia. Ikaja mvua ya kwanza, ile ya kupandia. Jamani! Kila mahali vioo viwili vilipokutana palishuka pazia la maji. Kitanda kiliogelea. Nikatoka mbio uani kutazama tangi: vumbi, na chura mmoja amekaa anasubiri kama sisi.

Tukarudi Masasi, safari hii wote wawili, na tumbo langu mbele.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba. Hazivuni," nikamwambia.

"Haiwezekani, mama. Mmezielekeza wapi?"

"Juu. Umeona wapi paa limeelekea chini?"

"Betri mmefunga?"

Sisi Wamakonde ulimi wetu na r hawapatani, na mume wangu akikasirika ndiyo kabisa. "Khm! Betli? Betli ya nini? Maji yana betli?"

"Maji gani, mzee?"

"Khm! Ya mvua!"

Kijana akatutazama, mimi, mume wangu, tumbo. Kwa mara ya kwanza akasema polepole. "Mzee wangu. Hizi ni sola. Zinavuna jua. Zinatoa umeme, unawasha taa, unawasha redio."

"Jua?" nikasema. "Nani Kitangari amekosa jua?"

"Basi nitawafungia mimi mwenyewe. Nyaya ziko salama?"

"Khm. Nilizikata," mume wangu akasema.

"Umezikata?"

"Khm. Zilikuwa zinaning'inia."

Kijana akakaa juu ya gunia lake la misumari, akashika kichwa. Hakukubali kuzichukua tena, na ningekuwa yeye nisingezichukua. Nani anunue ng'ombe aliyekatwa chuchu?

Tukapanda lori. Njia nzima ya kupanda mlima kuja kwetu Newala mume wangu hakukohoa hata kidogo. Hapo ndipo nikajua ameogopa. Fedha zimekwisha, korosho mpaka mwakani, mvua kubwa ziko karibu, na tangi likikosa maji msimu ule, ni mimi na mtoto mgongoni, mteremko uleule.

Usiku mvua ndogo ikarudi. Nilichotaka mimi ni kulala pakavu, basi. Nikachukua mwanzi tuliokuwa tumeupasua kwa kujengea, nusu yake, nikaufunga chini ya ule mwanya uliokuwa unavujia kitandani, nikauinamisha kidogo. Maji yakateleza ndani ya mwanzi mpaka ukutani, yakaingia kwenye ndoo. Nikalala.

Asubuhi fundi akaja kuona msiba wetu. Akautazama mwanzi wangu, akacheka mpaka akajishika mbavu: "Mtani amejenka mto chumbani!" Mume wangu hakucheka. Alikuwa anatazama ndoo. Imejaa.

Yeye na fundi wakashusha vioo vyote. Wakapasua mianzi, wakatoa vifundo vya ndani, wakailaza chini ya kila mwanya kutoka mgongoni mwa paa mpaka ukingoni penye mfereji. Katikati ya kioo na kioo wakashindilia mpira wa baiskeli. Kioo cha juu kilipokutana na cha chini, wakachomeka vipande vya debe la mafuta, ncha moja chini ya kioo cha juu, nyingine juu ya kioo cha chini. Na mianzi waliifunga kwa nini? Kwa zile nyaya. Fundi akasema hajapata kuona kamba nzuri kama ile, haiozi wala panya hawaili.

Mvua kubwa ilikuja mchana, kutoka upande wa Makote, nyeusi. Mume wangu akapanda ngazi kuchungulia mianya, nikampigia kelele ateremke, hakusikia. Mimi nikakaa kwenye mdomo wa tangi na kanga yangu kichwani.

Kwanza mfereji ulileta majani na mavi ya ndege. Halafu uzi mwembamba wa maji. Halafu ukanenepa, ukawa mkono, ukawa paja, ukaanza kunguruma huko ndani.

"Yanaingia?" akaniuliza kutoka juu, mvua inampiga usoni.

Nikajifanya sisikii.

"Mama watoto! Yanaingia?"

Nikaziba mdomo kwa kanga, nacheka hadi tumbo linacheza, na mtoto ndani anacheza pia.

"Wewe mwanamke! Nakuuliza, yanaingia?"

Nimeigiza sauti nyingi maishani, wajukuu wananiomba kila jioni nimwigize huyu na yule. Ile ya siku ile, mtu mzima analia na kucheka juu ya ngazi, sijaiweza. Nilimwacha aulize mara nyingine tena, nisikie, ndipo nikamwambia yanaingia, baba, teremka uje ule.