Bamba Lililotobolewa Kinyume

Kaka yangu walimwita Rula, na jina likamkaa. Mimi ni mchora vibao vya maduka, kunyoosha mstari najua, lakini yeye alizidi. Kikombe kikihamishwa kidogo tu mezani, hatulii mpaka kirudi mahali pake. Kazi aliyoipenda ilikuwa kutengeneza visanduku vya muziki wa umeme. Kimoja kinavuma, kingine kinapiga kama filimbi, na ukiviunga kwa waya vinaimba pamoja. Ndani vilikuwa fujo tupu ya nyaya. Kilichomtoa jasho ni uso wa kila kisanduku, lile bamba la alumini la mbele.

Katika kila bamba, kitufe cha kuzungusha kinachopandisha mlio kilikaa juu kushoto, cha kuupoza chini yake, na tundu la kutolea waya chini kulia. Hakusogeza hata unywele. Siku moja nikamcheka.

"Kaka, vyote vimefanana kama watoto wa shule. Si uchore hata ua?"

"Ua, shemeji yako ataliona kwa macho gani?"

Mkewe alikuwa ameshapofuka. Vidole vyake vilihama kisanduku hadi kisanduku bila kubabaika, kwa sababu kila kitu kilikuwa pale kilipotarajiwa. Kuvipiga ndiyo furaha aliyokuwa amebakiwa nayo.

Bamba la mwisho kaka alilitoboa akiwa mgonjwa. Alichora alama upande wa nyuma, uso usije ukakwaruzika, akasahau kuugeuza mchoro. Likatoka kinyume: cha kushoto kulia, cha kulia kushoto. Alifariki kabla hajalifunga kwenye kisanduku. Nikaona jasho la marehemu lisipotee bure, nikalifunga vilevile lilivyo.

Tulipokwisha kuzika, shemeji akaketi mezani, akapapasa. Mkono ukasimama.

"Yuko ng'ambo ya meza," akasema.

"Nani?"

"Kaka yako. Vitufe vinakaa hivi kwa mtu anayenitazama."

Ng'ambo ya meza palikuwa na ukuta.

Tangu hapo akawa anazungumza na ukuta ule. Nikienda mchana namkuta anauliza jambo, anatega sikio, kisha anacheka kama aliyejibiwa. Chai yake anaisukumia upande wa pili mpaka inapoa. Akaanza kukonda.

"Shem, yale ni makosa ya drili tu," nikamwambia.

"Kaka yako hakuwahi kukosea."

"Alikuwa mgonjwa!"

"Punguza sauti, shem. Anakusikia."

Niliogopa, sitasema uongo. Nilimwogopea yeye zaidi, maana mtu akizoea kuongea na marehemu, mwishowe humfuata. Nikakata bamba jipya, nikalipima juu ya yale ya zamani, tundu kwa tundu. Shemeji alipokwenda kumwona dada yake, nikaingia na bisibisi, nikang'oa lile la kinyume, nikafunga jipya. Kiherehere changu hicho! Lakini nilipokaza skrubu ya mwisho moyo ulitulia. Nikajiambia ng'ambo ya meza sasa pamebaki ukuta, na shemeji atarudi kwetu sisi tulio hai.

Akarudi, akaketi kwenye benchi, akapapasa. Juu kushoto. Chini yake. Chini kulia. Nilikuwa mlangoni, nimejiandaa kwa matusi na machozi. Badala yake uso ukamchangamka kama wa bibi harusi.

"Amezunguka meza," akanong'ona. "Amekuja upande wangu."

Akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaiweka mikono yake yote miwili mapajani. Mlio ukaanza kupanda, taratibu, vile kaka alivyopenda kuupandisha. Nilimwita shemeji. Nikamwita tena, kwa nguvu. Hakugeuka.