Mashine Ndogo za Mdogo Wangu

Mdogo wangu na mimi tulianza pamoja biashara ya mashine za michezo, mimi nikiwa Butembo, yeye Beni alikoolewa. Zilitoka Japani, zimekwisha kutumika, ndani ya kontena moja na friji na baiskeli. Aliyezituma alikuwa mtoto wa baba yetu mdogo, anayeishi kule tangu ujana wake.

Siku ya kugawana, ndani ya depo, duka langu, nilichagua wa kwanza kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nikachukua zile za kuunganisha na televisheni, nzito, zenye nyaya nyingi. Mdogo wangu nikamwachia zile za kushika mkononi, zenye kioo chake na betri yake palepale. Niliziona kama vitu vya kunyamazishia watoto kanisani.

Ndugu yetu wa Japani alinionya kwa simu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, huku Japani ile ya mukononi iko inashinda ile ya nyumba. Batu banachezea mu treni, nyumba zao ni kidogo, kila mutu na yake. Ile kubwa inabakia mu magazini, haiuzike."

"Lakini sisi hatuna treni," nilimjibu, tukacheka.

Mwanzoni zangu zilitoka vizuri. Wenye salon nzuri, sebule za kukaribishia wageni, walikuja na wake zao, wakachagua. Kisha wakapungua. Mtu anaingia, anaipapasa mashine, anauliza, "Na courant ikikatika?" Ninaanza kumweleza habari ya umeme wa jenereta, na yeye tayari anatazama mlango.

Simu za Beni, kwa upande wao, hazikupungua. Mdogo wangu alimpigia mama yetu, anayekaa nami, na mama alipenda kupokelea dukani, sauti imefunguliwa wote wasikie. "Mama, ile ya juzi yote imeisha!" Mama anageukia wateja wangu: "Mutoto yule iko na mukono muzuri." Ninapanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Mwishowe nikasema nitashuka Beni nikaone kwa macho yangu.

Kufika, joto likanivua sweta. Duka lake lilikuwa la mbao, dogo kuliko depo yangu, hilo likanifurahisha kidogo. Lakini mlangoni walisimama watu: dereva wa lori la kakao, mama mmoja na mtoto mgongoni, na askari wawili waliotumwa kutoka mikoa ya mbali. Mmoja wa askari alikuwa ameshika mashine ndogo kama anavyoshikwa kifaranga.

Nikamwuliza kwa nini hanunui ile ya televisheni, ina picha kubwa.

"Mama, leo niko hapa, kesho batanituma Lubero," akasema. "Televisheni nitaibebea wapi?"

Mdogo wangu alikuwa akiongea nao Kilingala, mimi sikijui, na wote wanacheka. Mashine zilikuwa na maandishi ya Kijapani, lakini yeye aliwaonyesha pa kubonyeza bila hata kuangalia. Alijifunza kwa kucheza. Mimi nilikuwa nikiuza zangu bila kuchezea hata moja. Na zake hizo ni mimi niliyemwachia, kwa mikono yangu.

"Yaya! Karibu, keti." Akanipangusia kiti, akaniletea soda ya baridi. "Chukua nusu ya zile zinabakia, upeleke Butembo. Huko nako batazipenda."

"Sikukuya kuomba."

"Hakuna mutu alisema unaomba."

Akaniwekea mashine moja mikononi, akashika nyingine, akaziunganisha. Kwenye vioo magari yalikuwa yanashindana. Langu likagonga ukuta, likageuka, likagonga tena. Dereva wa kakao akacheka waziwazi. Halafu nikaona gari la mdogo wangu limepunguza mwendo, linaningoja.

"Usinihurumie!" nikamwambia.

Akanitazama kidogo. Kisha akanishinda, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, bila huruma hata kidogo. Mara ya nne nilikuwa nimekaza meno, nimesahau soda, nikawa nyuma yake karibu sana. Nilitamani kumpita kuliko nilivyowahi kutamani mteja yeyote.

Nilipanda Butembo na katoni ya mashine zake magotini.

"Mudogo wako amekupatia?" mama akauliza.

"Nimezichagua mwenyewe."

Nikazipanga mbele, nikazisukuma zile kubwa nyuma. Mwanafunzi mmoja akaja asubuhi, akainama juu ya meza. "Mama, hizi si njo zile za Beni?"

"Za Beni zina nini? Hizi ni za hapa."

Akachukua moja, jioni akarudi na rafiki zake. Ile wiki katoni ilikaribia kuisha, wakati zile kubwa hazikuguswa. Mdogo wangu akapiga simu, safari hii kwangu.

"Yaya, zinatoka?"

Nikaitazama katoni, imebaki na mbili tu chini kabisa.

"Polepole," nikasema. "Si unajua Butembo."