Mkuyu Nyuma ya Sakristia

Wiki ya tatu hii sijatulia. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni kuangalia ndoo, narudi. Ungenitembelea hapa Ruhuwiko ungedhani nangoja mgeni. Basi kaa nikueleze, maana wewe na mimi tumetoka mbali.

Mwenyekiti wa kanisa letu la zamani, lile la matofali mekundu kule mtaani nilikokulia, alinipigia simu mwanzoni mwa Kwaresima. Linabomolewa, alisema, na misa ya mwisho ni Jumapili ya Matawi. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niandike historia ya jengo niisome siku hiyo. Nikakubali haraka, kama kawaida yangu.

Historia naijua. Nililelewa na bibi, na bibi alilijenga. Enzi za ujana wake matofali yalichomwa tanuri bondeni, na wanawake waliyapandisha kilima kwa kichwa, juu ya ngata, huku wakiimba. Utosini mwa bibi palikuwa na sehemu ndogo isiyoota nywele. Nilipomsuka alikuwa akisema, "Hapo pita polepole, hapo ni kanisani."

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Mpaka leo nikisikia harufu ya saruji iliyomwagiwa maji namwona kapiga magoti, kanga kaifunga kiunoni, anakwangua matone ya mishumaa kwa kisu cha jikoni. Sisi watoto tulifuta viti huku masikio yakiwa nje, tukingoja kande ziive. Katekista, mwalimu wetu wa dini, alipita nyuma yetu na fimbo ambayo sikumbuki imempiga mtu. Ulimi wake ndio uliochapa. Miti yote ya uani pale, misonobari na mipera, aliipanda yeye.

Mwaka niliokuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, bibi alinituma bondeni nikachume ukindu kwa ajili ya matawi. Nikawakuta wenzangu wanacheza mtoni. Unanijua. Jua lilipozama niliogopa kuingia kwenye tope lenye ruba, nikavunja tawi la mkuyu pale ukingoni, nene kama mpini wa jembe, nikarudi nyumbani kama mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi watu wote wameinua ukindu, mimi nimeinua mti. Katekista akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mwali, umetuletea kuni?" Kicheko kilichotoka pale bado nakisikia. Padri akapita akinyunyiza maji ya baraka bila kuangalia nani kashika nini.

Nilitaka kulitupa tawi lile njiani. Lakini kwetu kilichobarikiwa hakitupwi. Ukindu hukaa juu ya mlango mwaka mzima, kisha huchomwa uwe majivu ya Kwaresima. Na mimi nilione gogo lile juu ya mlango mwaka mzima? Nikazunguka nyuma ya sakristia, chumba anachovalia padri, nikalichomeka kwenye udongo uliolowa, chini kabisa ya ukuta, nikakimbia.

Mvua zikalishika, likachipua. Kiangazi kilipofika nilikuwa nimeshalisahau, ila bibi alikuwa amekiona kimti. Kila Jumamosi alikimwagia maji yaliyobaki ya kudekia. Siku moja mama mmoja akauliza kimepandwa na nani. Bibi akasema, "Mti unaoota kanisani kapanda Mungu," akanitazama kidogo, akaendelea kukamua dekio. Mpaka leo sijui kama alijua. Nikaendelea kufuta viti, na aibu ndogo ya mtoto ikaanza kuota na mti.

Nilipokwenda chuo cha ualimu, mkuyu ulikuwa umepita paa. Ukutani ukatokea ufa, mwembamba kama uzi. Bibi aliuziba kwa udongo, kwa kidole chake mwenyewe. Mwaka uliofuata kidole kiliingia. Mwaka mwingine, kiganja. Mafundi wakasema ni mizizi, mti ukatwe, bibi akakataa, na nani angebishana na mwanamke aliyebeba matofali yale? Tulimzika kutoka kanisa hilohilo, ufa ukiwa umefika dirishani.

Watu wakatafuta wa kumlaumu. Aliyezoea kupanda miti pale ni katekista, basi ikawa yeye. "Mzee aliyetuvunjia kanisa," walisema, kwanza kwa utani, baadaye si kwa utani. Aliacha kukaa mbele. Hakubisha, na mimi nilikuwa mbali, na ukimya wa mbali ni rahisi sana.

Kwa hiyo historia ile nilikuwa naijua peke yangu. Asubuhi ya Jumapili ya Matawi nilivunja tawi la mkuyu uleule, nikaingia nalo nikidhani litanipa ujasiri. Padri akanyunyiza bila kuangalia. Nikasimama na karatasi yangu. Katekista alikuwa kiti cha nyuma, mkongojo katikati ya magoti, uso umeinuka, ananisikiliza mimi, mwanafunzi wake. Nikasoma habari za tanuri, za ngata, za bibi, watu wakafuta machozi. Nilipofika kwenye ufa nikasoma, "Mkuyu uliota wenyewe." Watu wawili watatu wakageuka kumtazama yeye, wakiguna. Akainamisha kichwa.

Nimedanganya kanisani, juu ya kanisa, siku yake ya mwisho.

Sasa limebaki vumbi jekundu. Mti umekatwa. Matofali aliyobeba bibi watu wanayachukua kujengea mabanda ya nguruwe, na hata wimbo wao wa kupanda kilima sina wa kumwuliza, maneno yake yamenitoka. Waliokuwapo enzi zangu wamebaki wachache, na mmoja wao anakwenda kaburini na kosa langu.

Tawi nililiweka kwenye ndoo ya maji, kwa kuwa halitupwi. Leo asubuhi nimeliinua: limetoa mizizi, myeupe, mingi. Nimesimama nayo mkononi mpaka maji yakanilowesha miguu.

Kesho sifundishi. Nitapanda bodaboda na tawi langu mpaka kwa katekista, nitabisha hodi, nitapiga goti kama zamani. Nitasema: Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea kuni.