Marlys Tvedt Mbele ya Tume

Katika wilaya zetu za mahindi, ukimkuta mtu anafundisha fizikia katika shule ya sekondari, muulize alisomea wapi. Atakwambia: kwa Marlys. Hatataja chuo. Chuo chetu cha Harlan Fork ni kidogo, na kwa muda mrefu Marlys Tvedt peke yake ndiye aliyekuwa idara nzima ya fizikia: mwalimu, fundi wa maabara na mpika kahawa. Mimi nafundisha historia. Ofisi yangu imepakana na yake, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Mwaka ule jimbo lilipitisha sheria kwamba shahada isiyotoa wahitimu wa kutosha ifungwe, isipokuwa Tume ya vyuo ikubali kuiokoa. Kwa hesabu za Tume, fizikia ilikuwa karibu haina mhitimu. Wahitimu walikuwapo, ila walisomea fizikia na ualimu kwa pamoja, na Marlys mwenyewe ndiye aliyewashauri wautangulize ualimu wakati wa kujisajili, maana ufadhili wa walimu wa vijijini haukupatikana kwa njia nyingine. Tume ilihesabu somo la kwanza tu. Basi mavuno yake yote yalikuwa yameingia ghala la jirani.

"Nenda ukawaeleze," nilimwambia. "Jambo lenyewe liko wazi."

"Nitakwenda. Ila sipendi kuwapotezea watu muda."

"Marlys, si ndiyo kazi yao?"

Tulikwenda pamoja, mimi nikiendesha. Theluji ilikuwa ikiyeyuka mashambani, ardhi nyeusi ikichungulia kama nguo ya ndani ya mtu aliyevaa haraka. Njia nzima alinisimulia habari za mbwa wake. Nilidhani anautuliza moyo, sikumuuliza atasema nini.

Wajumbe walikuwa watu wa mjini, wapole. Mwenyekiti, Bwana Prescott Ainsley, alimsikiliza akieleza habari ya usajili kwa sentensi mbili za haraka, kama anayeomba radhi kwa kumkanyaga mtu mguu. Kisha akamuuliza, "Profesa, tukiifunga shahada hii, shule za huko kwenu zitaathirika kiasi gani?"

Sema, Marlys, niliomba kimoyomoyo. Sema.

"Kwa kweli," alisema, "patakuwa na usumbufu kidogo. Lakini tumezoea. Tutajua la kufanya."

Mtu yeyote wa kwetu angesikia king'ora katika maneno yale. Kwetu, mkulima aliyepigwa na mvua ya mawe hadi shamba likalala chini husema kwamba mwaka huu haukuwa mzuri sana. Majirani hawaulizi zaidi. Huja na matrekta yao na mabakuli ya viazi na nyama. Kulilia shida mbele za watu ni kujikweza, ni kudai kwamba mzigo wako umeshinda wa mwenzako. Marlys alikuwa amepiga yowe kwa sauti ya juu kabisa aliyolelewa nayo. Lakini mezani pale hapakuwa na jirani hata mmoja.

Bwana Ainsley alitabasamu kwa shukrani. "Laiti wote wanaokuja hapa wangekuwa waungwana kama wewe."

Niliinua mkono. Muda wetu ulikuwa umekwisha.

Nilijizuia mpaka tukafika kwenye gari.

"Usumbufu kidogo?" nilifoka. "Usumbufu kidogo, Marlys? Ungewaambia na asante basi!"

"Niliwaambia asante."

"Najua! Nilikusikia!"

"Ulitaka nipige magoti?"

"Nilitaka useme ukweli."

"Nimeusema." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Kama mtu hasikii, nimshike masikio?"

Uamuzi ulipokuja, ulisema fizikia ifungwe, kwa kuwa idara yenyewe imekiri kwamba athari zitakuwa ndogo. Waliokaribia kumaliza waliachwa wamalize. Brielle Kucera, wa mwaka wa kwanza, aliyetaka kurudi kufundisha kwao Wexler, alihamia chuo kikuu cha mji mkuu. Wanaohamia kule, njia yao ya kurudi huota majani.

Nilikuwa na hasira, na sikujua niiweke wapi. Kumkasirikia Bwana Ainsley kulikuwa sawa na kumkasirikia mgeni aliyekosea mlango. Nikamkasirikia Marlys, kwa kuwa alikuwa karibu.

Mwezi Mei alikuja Duane Osterloh, msimamizi wa shule za Wexler. Niliwasikia kupitia ukutani.

"Lyle, mwalimu wetu wa fizikia, anastaafu," alisema Duane. "Nipe mwalimu mmoja, yeyote yule. Hata mvivu."

"Sina, Duane."

"Basi wa mwakani."

"Mwakani sina, na mwaka utakaofuata sina. Wamenifungia."

Akacheka. "Aa, Marlys! Haiwezi kuwa mbaya kiasi hicho."

"Ni mbaya!" Kitu kiligongwa mezani. "Ni mbaya sana, Duane! Watoto wako watafundishwa na mtu aliye ndani ya kompyuta, asiyewajua hata majina, na hiyo ni kama watabahatika. Hakuna mtu. Hakuna!"

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa kwetu akisema hivyo, na nadhani Duane naye hakuwahi. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha uzito wa mwanamume ukishuka juu yake.

"Niwaite watu?" aliuliza taratibu. "Nikiwaambia, watakuja wote. Unajua watakuja."

"Waje wafanye nini?" alisema Marlys. "Tume imeshafunga kikao."