Giya Iliyoingia Kimya

Usiku ule nililala mapema, nimeridhika na kazi yangu kama mtu aliyekula akashiba. Jioni nilikuwa nimemaliza kuifunga skuta ya marehemu Shabani, sahibu yangu niliyefungua naye karakana hapa Chake Chake. Tuligombana kila siku na kupatana kila siku, mpaka maradhi ya kifua yalipomchukua. Tangu azikwe, skuta ilikaa tu uani kwake. Sasa mjane wake, Mwanahawa, alitaka kuipanda kwenda skuli anakosomesha, chini ya mteremko mkali, na binti yao nyuma. Giya moja ilikuwa imelika meno. Nikanunua mpya, nikaikandamiza kwa presi kwenye shafti ile ile ya zamani, nikafunga kila kitu, nikampelekea ufunguo. Asubuhi angepita karakana kuichukua.

Kwa nini shafti ile ile? Nilipoivua giya kuukuu niliona chini yake shafti imejaa vinundu. Shafti ikilika, giya huchezacheza, basi sisi mafundi wa huku huigonga kwa ncha ya chuma mpaka ivimbe vijinundu ibane tena. Tunaita kuipiga ndui. Na ndui zile zilikuwa za Shabani. Niliujua mkono wake, safu zilizopinda kidogo kushoto, kwa sababu alikuwa hatulii akifanya kazi, lazima apige soga. Machozi yalinilenga palepale. Nikaona kuitupa shafti ile ni kama kumtupa mwenyewe, nikaiacha.

Basi nikalala, na nikajiona nimo jikoni kwa marehemu mama. Presi yetu imesimama penye mafiga, na Shabani amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kanzu kaikunja mapajani.

"Wewe si umekufa?" nikamuuliza. Adabu sina hata ndotoni.

Hakujibu. Yeye, aliyekuwa haachi neno likapita, alinitazama tu, kisha akanyoosha mkono. Nikatazama mikononi mwangu, nikaona nimeshika shafti ya skuta yake, na giya mpya iko juu yake. Nilikumbuka tulivyoambiwa utotoni, kwamba maiti akikuomba kitu usimpe. Nikaificha mgongoni. Aibu pia niliiona, kwa maana huyu ni Shabani, tumekula sahani moja. Nilipoinua macho, shafti ilikuwa tayari iko mikononi mwake.

"Ilipoingia," akaniuliza, "ililia?"

Nilishtuka hadi kidole cha mguu. Giya inayoingia barabara hulia. Presi ikiisukuma, chuma hutoa mlio mwembamba wa kukereketa, unaousikia mpaka kwenye meno. Ikiingia kimya, haikubana. Hilo halihitaji kufundishwa, na mimi mwenyewe nimewatukana watu kwalo. Na jioni ile, sasa nakumbuka, giya iliteleza kimya kabisa, na mimi nikasema alhamdulillahi, leo kazi nyepesi.

"Haikulia," nasema.

Shabani anaishika giya kwa vidole viwili na kuivua. Anaivua hivi hivi, kama mwanamke anayevua pete akande unga.  Giya iliyoingizwa kwa presi haitoki kwa mkono wa binadamu, na yeye anaivua na kuirudisha, anaivua na kuirudisha, huku ananitazama.

Jiko halipo tena. Tuko juu ya mteremko, jua limewaka, na chini yetu Mwanahawa anashuka na skuta. Mtoto kamkumbatia kiunoni, mkoba wa skuli unadundadunda. Nayaona mambo ya ndani ya chuma kana kwamba kasha la giya limekuwa kioo. Giya inazunguka peke yake, inasogea pembeni, inaitafuta giya ya jirani. Najua ikiifikia zitaumana, na tairi la nyuma litasimama ghafla katikati ya mteremko. Napiga kelele. Sauti haitoki. Namgeukia Shabani, namvuta kanzu, namwambia fanya kitu, hawa ni wako!

Yeye ananishika kiganja na kuniwekea shafti. Ni baridi, inauma. Anapitisha kidole gumba juu ya zile ndui, na ndui zinapukutika zote, zinaanguka mchangani mithili ya chembe za mtama, shafti inabaki nyembamba kama mfupa wa kuku.

"Mkono wangu huu usiuamini, sahibu," anasema. "Nilikuwa na haraka."

Sikupata kuona hofu kama ile. Kufa kwake hakukunitisha vile. Lakini Shabani kuikana kazi yake mwenyewe, mbele yangu, jambo ambalo akiwa hai asingelifanya hata ungemchinja!

Nikaamka nimekaa kitako, shuka limelowa. Kumekucha. Na nje, upande wa karakana, naisikia skuta inaunguruma.

Nilitoka na shuka kiunoni, bila viatu. Mwanahawa alikuwa kishakaa juu yake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mtoto nyuma, wanasubiri mashine ipate moto. Nikaruka nikauchomoa ufunguo.

"Shemeji! Una wazimu?"

"Teremkeni."

"Nitachelewa, mie."

"Shabani kanijia. Kasema giya haikubana."

 Akamteremsha mtoto, akateremka, akakaa kwenye benchi. Nikaenda kujisitiri, nikarudi, nikaifungua ile mashine mbele yake. Nilipoitoa shafti niliibana miguuni, nikaishika giya mpya kwa vidole. Ikazunguka. Nikaivuta. Ikatoka. Ndui chini yake zilikuwa zimelala zote, bapa.

Nikamwonyesha. Nikamwambia shafti hii naitupa leo hii, natia mpya, na giya isipolia siifungi. Nikamweleza ndoto yote, jiko, mteremko, maneno aliyoyasema. Nilidhani anatetemeka kwa sababu ya mteremko ule, kwa kufikiri wangalikuwa wapi saa ile yeye na mwanawe. Nikamwambia amshukuru Mungu, wamesalimika.

"Namshukuru," akasema. Alimvuta mtoto mapajani, akamrekebishia kola ambayo haikuwa na kasoro. "Mimi namwombea kila nikilala, shemeji. Nasema aje tu, hata asiseme kitu. Hajanijia hata mara moja."

Nikaiweka shafti chini.

"Kaja kwako," akasema. "Kwa giya."

"Kaja kwa ajili yenu, Mwanahawa."

"Najua." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Akija tena, mwambie sijahama."