Malaria Yangu na Kichwa cha Bosi

Leo nimekutana na bosi wangu mahali ambapo sote wawili hatukutakiwa kuwepo.

Asubuhi nilimtumia ujumbe kwamba malaria imenilaza.
Akajibu, "Ugua pole. Hata mimi kichwa kinaniuma, leo siji ghalani."
Nikamshukuru Mungu.

Malaria yenyewe ni usaili wa kesho. Miaka kumi na minne kwa mwajiri mmoja, vyeti nimevifukua chini ya godoro.

Nikatoka Ngara mpaka Nyakanazi kutoa kopi, ili nisionwe na mtu.

Ndani ya stesheneri, mteja wa mbele yangu akageuka. Amevaa tai.

"Shikamoo bosi."
"Marahaba."

Barua yangu ya kuitwa kwenye usaili mkononi. Yake mkononi. Cheo kilekile. Na nafasi ni moja, jamani.

"Mdhamini ulimwandika nani?" akauliza.
"Wewe, bosi."
Akakohoa. "Na mimi nilikuandika wewe. Sina mwingine."

Dada wa kopi akauliza kama tuko pamoja.
Tukajibu hapana, kwa pamoja.

Mlangoni akasimama. "Ugua pole."
"Na wewe, bosi."

Sasa nisaidieni. Hao wa usaili wakinipigia kuniuliza kama bosi ni mtu mkweli, nisemeje?